Maswali Niliyoshindwa Kumuuliza Mama

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuwauliza wanawake mambo ambayo hata waume wao hawakuthubutu kuyauliza. Tulikuwa tukitafiti kirusi cha HPV, kile kinachokaa kimya mwilini miaka mingi kisha kikazaa saratani ya mlango wa kizazi. Tulipiga hema karibu na soko la Keumbu. Mwanamke akija, nilimjazia fomu, nikampa kijiti chenye brashi laini, akaingia nyuma ya pazia kujichukulia sampuli mwenyewe. Chupa zilipelekwa maabara Kisii, na aliyepatikana na kirusi aliitwa akaangaliwe mapema.

Nilikuwa hodari, tena nilijijua. Fomu ilitaka kujua mwanamke alianza kulala na mwanamume akiwa na umri gani, na kama anatokwa na damu nje ya siku zake. Wengine walininunia. Niliwatania tu, "Mficha uchi hazai, dada yangu," wakacheka, wakasema yote.

Wale wa rika la mama yangu niliwasukumia mwenzangu, mama mmoja kutoka upande wa ziwa. Yeye hakufungwa na chinsoni, ile heshima yetu Wakisii inayomziba mtu mdomo: mzazi na mtoto hawazungumzi mambo ya mwili, hata kwa mzaha. Mimi msomi mwenye koti jeupe nilifungwa nayo sawasawa na bibi yangu.

Siku moja mwenzangu alikuwa amepeleka sampuli mjini. Niliinua macho kutoka kwenye fomu, nikamwona mama yangu katika foleni, mtu wa tano kutoka mezani pangu. Alikuwa ametoka nyumbani, huko Nyamira, na kufunga kitambaa chake cha kanisani. Juma lile nilipaswa kuwa kwenye hema letu la Nyamira, ratiba ikabadilishwa. Nadhani alichagua Keumbu kusudi asinikute.

Tulitazamana. Foleni ikasogea, naye akasogea hatua moja. Kisha akatoka, akaenda kusimama kwa wauza ndizi na kuzibonyezabonyeza, eti alikuja kununua.

Nitasema ukweli ingawa unanichoma: nilifurahi. Moyo ulitulia kabisa. Nikajiambia nitamwomba mwenzangu amfuate nyumbani, nikasahau, na nilipokumbuka mwenzangu alikuwa amehamishwa. Mara tatu nilikwenda kwetu, tukala, tukaongea habari za majani chai na ng'ombe aliyekataa kushika mimba. Habari za tumbo la ng'ombe tulizimaliza zote. La mama hatukuligusa.

Watu hunifariji kwamba mganga hajigangi. Siupendi msemo huo. Hakuna aliyenitaka nimgange, nilitakiwa kumuuliza tu.

Mwaka uliofuata alianguka shambani akichuma chai. Hospitalini daktari alikuwa kijana mgeni, hakujua Ekegusii, akaniomba nitafsiri. Nilimwambia kwamba mama anajua Kiswahili cha sokoni tu. Akaanza na maswali yale yale, karibu kwa mpangilio wa fomu yangu. Umri nilitafsiri. Idadi ya watoto nilitafsiri.

"Muulize damu ilianza lini," akasema, "na kama huwa inatoka baada ya kukutana na mzee."

Nikafungua mdomo. Maneno yale nilikuwa nimeyatamka mbele ya wanawake wengi mno, asubuhi hadi jioni, nikinywa chai. Hayakutoka. Daktari alinitazama, akadhani sikusikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Mama alikuwa ameukazia macho ukuta.

"Daktari," mama akasema kwa Kiswahili, polepole, "mimi najua hii Kiswahili kidogo. Uliza mimi mwenyewe. Huyu ni mtoto yangu. Ambia yeye atoke nje."

Nikatoka. Lakini pazia la wodi ni kitambaa tu, nami sikwenda mbali. Nilimsikia akitafuta maneno, akikosa, akiazima mengine ya Ekegusii, akijieleza kwa lugha aliyokuwa akiitumia kupunguziwa bei ya sabuni.

"Damu ilianza zamani," alisema. "Mbele ya ile siku nilienda kwa tenti ya Keumbu."

"Kwa hiyo ulipimwa, mama?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilipata mtoto yangu ndiye anaandika. Nikaona nitamtia aibu mbele ya watu."

Aliyasema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kwa nini alichelewa kanisani. Nikalia pale nje, kwa sauti, na najua alinisikia. Nilipoitwa ndani alinisogezea pembe ya leso yake nijifute uso. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha, na jambo hilo hatukulitaja tena, si yeye, si mimi.