Alama Nyekundu Katika Daftari la Stoo

Siku kiwanda cha sabuni kilipofunga geti, watu mia mbili na kitu walimwaga unga kwa mpigo mmoja, na Mama Stoo alikuwa mmoja wao. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa nyuma ya kidirisha cha chumba cha vifaa, akimpa fundi spana asubuhi na kuipokea jioni. Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Hata kwenye ibada aliitwa Mama Stoo, naye aliitika.

Siku ile kila mtu aliondoka na chake. Kuna aliyebeba pazia, kuna aliyebeba kiti cha ofisini. Yeye aliondoka na daftari. Lilikuwa na jalada gumu, pembe zimelika, na ndani limejaa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba: nani kachukua nini, saa ngapi, kakirudisha kikiwa katika hali gani. "Imefutwa safi." "Imevunjika, amesema mwenyewe." "Imevunjika, hakusema." "Ina grisi. Nimemwambia. Amecheka."

Mume wake, fundi cherehani, alimpokea mlangoni. "Wenzako wamerudi na viti, wewe umerudi na karatasi. Tutaikalia?"

"Mungu akipenda, tutaikalia," alisema, akaingia ndani kuvua viatu.

Ikapita miaka mitatu ya kubangaiza. Mama Stoo alifua nguo za watu, akashona vifungo kwenye mashati ambayo mume wake aliyamaliza, na vifungo vyenyewe vikaanza kupungua kwa sababu watu waliacha kushona nguo mpya. Lakini kila alfajiri aliomba jambo moja tu, arudishiwe ufunguo wa stoo. Stoo ile ile, yenye harufu ya mafuta ya mashine na rafu alizozipaka rangi kwa mkono wake.

"Mungu ana shughuli nyingi," mume wake alimwambia. "Mpunguzie, mama watoto. Omba hata stoo nyingine."

"Kwake hilo dogo," alijibu.

Basi Jumatatu moja tangazo likabandikwa getini. Kiwanda kimepata mwenye mali mpya. Wanatakiwa mafundi mitambo sita, mtunza stoo mmoja, wafagiaji wawili. Mama Stoo alisoma mstari wa mtunza stoo mara tatu. Stashahada, ujuzi wa kompyuta, umri usiozidi thelathini na tano. Masharti matatu, na katika hayo hakutimiza hata moja. Akashuka hadi mstari wa wafagiaji, elimu ya msingi. Akapiga moyo konde na kuingia kwenye foleni hiyo. Nikiwa ndani ya geti, aliwaza, hata nikishika fagio, si niko ndani?

Afisa ajira alikuwa binti wa umri wa mtoto wake wa pili, shati limepigwa pasi likanyooka, macho mekundu kwa kusoma. Mezani kwake kulikuwa na barua zilizofungwa kwa mipira mafungu mafungu. Watu mia sita walikuwa wameomba nafasi sita za ufundi.

Mama Stoo alikuwa ndiyo kwanza anatoa kitambulisho, vibarua wawili vijana wa ovaroli mpya wakaingia, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia nao.

"Dada, mkanda umekatika tena," mmoja akasema.

"Wa tatu huo," afisa ajira akasema taratibu, na mikono akaiweka kichwani. "Tajiri anakuja Ijumaa mchana. Asipoona mche mmoja wa sabuni ukitoka kwenye ile mashine, ataiuza kwa kilo, na haya majumba atayageuza maghala. Maghala hayahitaji fundi. Hayahitaji hata mimi."

Mama Stoo alijua kwamba mfagiaji haulizwi kitu. Lakini mdomo ulimtangulia. "Samahani mwanangu. Hiyo mashine, mmeilowesha?"

Kijana mwenye ovaroli akacheka. "Hiyo ni mashine, mama, siyo maharage."

"Humo ndani mna sabuni ya miaka mitatu. Imeshakuwa jiwe. Ukiwasha mota, skrubu kubwa ya ndani itazunguka wapi? Lazima mkanda ukatike. Inamwagiwa maji ya moto mchana kutwa, inalala nayo, asubuhi mnafungua pua, pale inapotokea sabuni, mnaichokoa."

Afisa ajira akaishusha mikono kutoka kichwani.

"Ulikuwa fundi hapa?" afisa ajira akauliza.

"Nilikuwa mtunza stoo. Lakini kidirisha changu kilikuwa kinatazamana nayo."

"Na wanaoweza kuifanya hiyo kazi unawajua?"

Wenzake kwenye foleni walikuja na bahasha za vyeti. Yeye alifungua mkoba akatoa daftari. Afisa ajira akafunua kurasa mbili tatu, akasoma kwa sauti, "'Ina grisi. Nimemwambia. Amecheka,'" naye akacheka pia, kisha akaendelea kusoma kwa muda mrefu. Kurasa zote zilikuwa hivyo. Mtu mmoja kwa miaka kumi na tano, kila jioni, imefutwa safi, imefutwa safi.

"Mama, hapa nina vyeti mia sita," akasema hatimaye, "na sijui hata mmoja wao anashikaje kazi. Niletee hao watu. Leo ni Jumatatu."

"Nitawaleta. Mashine ikiwaka, nataka ufunguo wa stoo."

"Lakini masharti ya stoo..."

"Nimeyasoma. Mara tatu."

Binti akamtazama. "Kukupa siwezi kuahidi. Kukutaja mbele ya tajiri, hilo naahidi."

Kwa Mama Stoo hilo lilitosha kumpa miguu ya msichana wa miaka kumi na nane.

Jumanne kulipokucha alikuwa ameshafika kwa Kimya, yule wa imefutwa safi, ambaye sasa alikuwa anabandika soli za viatu pembeni mwa soko. Huyu aliwahi kutembea kutoka nyumbani kwake hadi kiwandani siku ya mapumziko, kurudisha kipimo kidogo alichokikuta mfukoni.

"Kimya, kuna kazi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Kimya aliweka kiatu chini akaanza kukusanya vitu vyake. Mwenye kiatu, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja, akauliza, "Na mimi je?" Ikabidi Mama Stoo amshikilie bega huku soli inamaliziwa, na hakuna soli iliyowahi kupigwa gundi haraka namna ile.

Fundi wa pili alikuwa anaendesha pikipiki ya abiria, kwa hiyo wa tatu, wa nne na wa tano walifuatwa kwa pikipiki, Mama Stoo nyuma, mkoba kifuani, akishangaa mwenyewe kwamba haogopi. Mmoja walimkuta anafuga kuku, mwingine anafunga vipaza sauti vya harusi. Mke wa yule wa tano alipopata habari alikaa chini hapo hapo uani, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, huku anamwambia mume wake aende akaoge.

"Wa sita ni Profesa, bila shaka," akasema mwenye pikipiki.

"Profesa hapana."

"Mama Stoo, ile mashine Profesa anaijua kuliko mama yake mzazi."

"Nimesema hapana."

Wakaacha, kwa sababu wote walijua. Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa na alama moja nyekundu, ya pekee katika kitabu kizima. Ijumaa ya kufungwa kiwanda, saa tatu asubuhi, Profesa alichukua spana namba arobaini na saba. Haikurudi. Kwa miaka mitatu, kila alipomwona, Mama Stoo alivuka barabara. Nafasi ya sita akaiacha wazi.

Jumatano watano wale walichemsha maji kwenye mapipa na kuinywesha mashine tangu asubuhi mpaka jioni, na vijana wa ovaroli mpya, ambao hawakuwa wabaya bali hawakuwahi kufundishwa, wakabeba ndoo bila kuambiwa. Jumba zima likaanza kunukia sabuni. Mama Stoo alisimama nje ya mlango wa stoo uliofungwa kwa kufuli, akavuta pumzi hiyo mpaka machozi yakamlengalenga.

Alhamisi asubuhi wakafika kwenye pua. Inashikwa na nati moja ya duara, pana kama sinia, na spana ya dukani haiishiki. Walijaribu mnyororo, wakajaribu bomba, wakapiga kwa nyundo juu ya gogo. Nati haikusogea. Saa nne ikapita, na saa tano.

Kimya akafuta jasho. Tangu Jumanne hakuwa amesema maneno kumi. "Arobaini na saba," akasema.

Wote wakamgeukia Mama Stoo. Ile spana ya ndoano ilikuwa moja tu duniani. Aliitengeneza mchomeleaji wa zamani wa kiwanda kwa ajili ya nati ile peke yake, na mchomeleaji Mungu alishamchukua.

Alikwenda kwa miguu, haraka, akiomba njiani apewe ulimi mpole. Profesa alikuwa na kibanda cha kutengeneza feni nyuma ya soko. Saba zilikuwa zinazunguka kwa pamoja, na karatasi zote za kibanda zimewekewa mawe.

"Shikamoo, Mama Stoo. Leo umekosea upande wa barabara?"

"Marahaba. Nimefuata namba arobaini na saba."

"Hiyo mimi niliirudisha Ijumaa ile ile."

"Uliirudisha wapi, Profesa? Usinifanye mtoto."

"Dirishani kwako, saa tisa na robo. Nikakuta pamefungwa. Nikagonga, nikaita. Nikasikia mtu analia ndani, nikaona haya kugonga tena." Akashusha sauti. "Halafu walinzi wakatutoa mbio kama kuku waliovamia shamba."

Mama Stoo akatafuta pa kukaa. Stoo ilifungwa saa kumi. Katika miaka ishirini na miwili aliwahi kuifunga kabla ya saa siku moja tu, na ni siku hiyo. Alikuwa amekaa juu ya kreti la bolti, kitambaa usoni. Na kugongwa alikusikia. Alisikia vizuri kabisa, akanyamaza, na baadaye akachukua kalamu nyekundu.

Profesa alikuwa ameshainama chini ya meza. Akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwa shati kuukuu. Ndani yake spana ilikuwa inang'aa.

"Naipaka mafuta kila mwezi. Nilisema nitamkabidhi mwenyewe mkononi. Sasa kila nikitaka kukufuata, unaruka barabara kama mbuzi."

"Nisamehe, baba," Mama Stoo akasema.

"Nimeshasamehe. Ila hii haiendi peke yake, inakwenda na mtu wake. Nafasi ipo?"

"Ipo moja. Imebaki tangu juzi."

"Basi nisubiri nizime feni."

Akazizima saba zote, moja baada ya moja, na Mama Stoo alidhani atapasuka.

Nati ilipiga kelele kama mlango wa gereza, kisha ikaachia. Walichokoa sabuni ngumu ndoo tisa. Huku wenzake wakishangilia, Mama Stoo aliweka daftari juu ya meza ya afisa ajira, akaikata alama nyekundu kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika, polepole: "Ililetwa saa tisa na robo. Dirisha lilifungwa kabla ya saa. Kosa la mtunza stoo." Akatia sahihi.

Afisa ajira alisoma juu ya bega lake. "Mama, kesho namwonyesha tajiri daftari hili. Hilo ungeliacha tu. Nani angejua?"

"Profesa anajua. Na Mungu siku ile alikuwemo stoo, aliniona nikisikia."

Ijumaa mchana tajiri alisimama mbele ya mashine, mikono nyuma. Kimya akaweka mkono kwenye swichi, akamtazama Profesa, akabonyeza. Mashine ilikohoa. Ikanguruma. Mkanda ukashika. Kwa kitambo hapakutoka kitu. Kisha sabuni ya manjano ikachungulia puani, ikajisukuma nje taratibu, laini, ndefu, inafuka mvuke, na jumba zima likalipuka kwa vigelegele. Mmoja wa wale vijana alimkumbatia mwenye pikipiki, na hawakuwa wanajuana hata jina.

Tajiri alinusa kipande, akauliza mafundi hawa wametoka wapi. Afisa ajira akamtaja Mama Stoo, akampa tajiri daftari likiwa wazi ukurasa wa mwisho. Tajiri akasoma akiwa amesimama, akarudi juu, akasoma tena.

"Hili kosa amejiandikia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Jana."

Akamgeukia Mama Stoo. "Kompyuta unaijua?"

"Siijui, mheshimiwa. Nitajifunza. Mpaka nitakapoijua, kalamu ninayo."

"Miezi mitatu ya majaribio," akasema tajiri. Afisa ajira alikuwa na ufunguo mfukoni tayari, sijui tangu saa ngapi.

Rafu zilikuwa na vumbi la kuandikika, na buibui walikuwa wamehamia kwenye ndoano za spana. Mama Stoo alifuta kiti, akampigia mume wake simu. "Ile karatasi," akasema, "nimeikalia." Akamsikia ameacha kukanyaga cherehani.

Saa tisa na robo mtu aligonga. Mama Stoo alifungua kidirisha kabla mgongaji hajarudia. Alikuwa Profesa na namba arobaini na saba, imejaa sabuni na grisi kutoka ncha hadi ncha.

"Futa kwanza."

Profesa akacheka. Mama Stoo akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, na chini yake: "Ina grisi. Nimemwambia. Amecheka." Kisha akamrushia kitambaa, na akangoja, kalamu mkononi, mpaka alipomaliza kufuta.