Reli ya Makopo ya Ta Protase

Ta Protase wa Buganguzi alirudi kutoka Tabora, alikokuwa akipaka grisi mabehewa, akakuta mama yake amekwisha kuzikwa na jirani yake Rugemalira amehamisha mlamula, ule mti wa mpaka. Kipande alichokimeza Rugemalira hakikuwa kikubwa, lakini kaburi la mama lilikuwa humo humo. Kila Protase alipokwenda kulipalilia, alifukuzwa kwa matusi. Wazee waliitwa, wakanywa lubisi, pombe ya ndizi, ya pande zote mbili, wakaenda zao. Jambo hilo lilimuuma Protase kuliko jino.

Basi akahamia kwenye banda la kahawa, akaanza kutengeneza treni. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki na reli ilikuwa waya, kazi ya mchezo tu. Ufundi wenyewe ulikuwa katika nchi ambamo treni ilipita. Vilima alivifinyanga kwa udongo wa kichuguu. Ardhi ya vibanja, yaani mashamba ya migomba, aliinyunyizia maganda ya kahawa yaliyotwangwa, juu ya gundi ya uji wa muhogo. Migomba aliisokota kwa nyuzi za mgomba, kisha akachana kila jani kama lililopigwa na upepo, maana jani zima, alisema, ni uongo. Ziwa pale Kemondo lilikuwa kioo cha dirisha kilichopakwa rangi kwa chini. Mkewe Jovita alipokuta sufuria yake imeganda gundi, alishika kiuno.

"Baba Klaudia, wenzako wanapanda kahawa, wewe unapanda nyuzi!"

"Hizi hazitaki palizi," akajibu.

Sabasaba ilipofika, mwenyekiti wa kijiji, Ildefons, alitaka kila kaya ipeleke kitu kwenye maonyesho ya Nshamba. Protase akapeleka treni yake na nchi yake yote juu ya meza. Watu wakaizunguka, wakacheka, halafu wakaanza kutambua makwao: lile paa lililobonyea si la Ma Celina? Na reli ilipanda kutoka Kemondo, ikazunguka kanisa, ikakata katikati ya migomba ya Buganguzi.

Sasa, ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji. Watu walikuwa wakihamishwa, na redio haikuchoka kuisifu reli mpya ya kwenda Zambia. Mtu aliyewahi kufanya kazi relini, watu wakawaza, akiweka reli mezani, lazima kaambiwa kitu. Protase hakusema uongo hata neno moja. Kila alipoulizwa alikohoa tu, akapangusa behewa vumbi.

Rugemalira naye akaja. Akaifuata reli kwa kidole mpaka kwenye kona ya kaburi, na hapo kidole kikasimama. Protase alikuwa amechomeka hata kijiti cha mlamula, pale pale Rugemalira alipouhamishia.

"Ta Protase, waitu, hapa reli inapopita ni kwa nani?"

"Kwako. Si ulipanda mlamula mwenyewe?"

"Na mwenye kibanja?"

"Hayo muulize mwenyekiti."

Ildefons hakujua lolote, ila hakuwa mtu wa kukiri hajui. Akatoa sauti yake ya mkutanoni: "Watakaopitiwa na maendeleo watahamishwa kwanza!"

Rugemalira akaruka. "Kipande hiki si changu! Ni cha Protase! Mama yake kalala hapa, nani asiyejua? Mpaka wangu uko huku!" Na kwa vidole vyake mwenyewe, mbele ya mwenyekiti na umati wote, akang'oa kile kijiti, akakirudisha mahali pake pa zamani.

"Mmesikia?" akauliza Protase.

Wakasema wamesikia.

Jioni hiyo hiyo Rugemalira alihamisha na mlamula wenyewe, jasho likimtoka, asije afisa akamkuta na ardhi isiyo yake. Protase alipiga magoti kaburini, akang'oa magugu kwa mikono, na machozi yakamtoka bila aibu.

"Pole sana, ndugu yangu," Rugemalira akamwambia kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa huruma ya kweli. "Treni ikija utahamia wapi?"

"Nitabanana hapa hapa na mama," akasema Protase, akiwa ameinamisha uso, maana kicheko nacho kilikuwa kimeshamfika kooni.