Ukoo wa Nyapara

Wenzangu walipokuwa watoto walifuga sungura na njiwa. Mimi nilipokuwa mtoto, pale mtaa wa Satellite, Nairobi, nilifuga nge, na sioni haya kusema kwamba nilimpenda kuliko baadhi ya binamu zangu.

Alikuja na lori la mchanga. Baba alikuwa fundi wa mawe Kilimani, miaka ile ghorofa zilipoanza kuota kila palipokuwa na nyumba ya zamani yenye bustani, na mchanga wa kujengea uliletwa kutoka Kajiado. Siku moja ya likizo nilimpelekea chakula cha mchana, na nge akachomoza kwenye rundo: mweusi, mnene, mrefu kama kiganja changu, magando juu. Vibarua walitimua mbio. Mmoja alirudi na sepetu ili amponde, nami nikaangua kilio hadi Baba akaja na ndoo tupu ya rangi, akamfunika, akanipa. Kwa nini alinipa sijui mpaka leo. Nadhani alitaka tu ninyamaze.

Nilimwita Nyapara kwa sababu ya mwendo wake. Alitembea polepole, mikono mbele, akiikagua ndoo kana kwamba kuna mtu ametega kazi. Nilimlisha mende, na nyumba yetu haikuwahi kupungukiwa na mende. Nilimtengenezea shimo kwa kipande cha kigae. Mama alikuwa na mimba kubwa na hakuwa na nguvu za kugombana. Alisema tu ndoo isivuke mlango wa chumba chake.

Kisha akaja Kukhu.

Kukhu ndivyo sisi Waluhya tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama yake Baba, na Mama alipokaribia kujifungua alifunga safari kutoka Webuye kuja kumsaidia. Alikuwa mwembamba na mkali, na sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo kanisani kwao. Asubuhi yake ya kwanza aliifungua ile ndoo akidhani ina unga. Majirani wote wa ploti walitoka nje na miswaki midomoni kuuliza nani amekufa.

Alipopata pumzi aliniita uani.

"Nafula, hii mdudu unajua inakufanga aje?"

"Sijui, Kukhu."

"Inazaa. Watoto wanapanda kwa mgongo, wanakula mama yao mpaka anabaki ganda. Sasa wewe unaiweka kwa nyumba iko na mja mzito?"

Kwake yeye, kilichompata mama yule ndani ya ndoo kingempata mama wa nyumba. Nilimtazama Mama akianika nguo, mkono mmoja kiunoni. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Mama anaweza kufa. Tangu dakika ile sikufikiri jambo jingine.

Hata hivyo nilikuwa mbishi. Nilisema Nyapara si kama hao nge wengine.

"Si kama wengine? Basi ni nani? Ni wa ukoo gani?"

Kwetu swali hilo si mzaha. Mgeni akifika kwa Kukhu huulizwa ukoo kabla chai haijamiminwa. Kijana akileta mchumba, huulizwa ukoo kabla ya jina, maana kila ukoo una miiko yake, na ukishaujua unajua pia wanakula nini na wanaoa wapi. Asiyejulikana ukoo hupewa chai, lakini halazwi ndani.

"Uniletee ukoo yake na mila yao," Kukhu alisema. "Ukikosa, Jumapili tukitoka kanisa namwagia yeye maji moto."

Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa nimeogopa kwamba hakuna la kufanya, na sasa lilikuwepo. Nilimsumbua Baba hadi Jumamosi alipotoka kazini saa sita akanipeleka mjini. Alitembea mbele yangu, nami nyuma na ndoo yenye mfuniko wa matundu, na kila aliyeuliza tumebeba nini Baba alimjibu kwamba ni samaki.

Tulianzia maktaba. Katika kitabu kikubwa cha wanyama nilimkuta Nyapara mwenyewe, rangi ile ile, magando yale yale. Chini yake waliandika kwamba ni nge mfalme, wa misitu ya Afrika Magharibi. Nilitaka kuruka. Baba akainama, akasoma tena kwa sauti ya chini, kidole chini ya kila neno.

"Afrika Magharibi? Na huyu wako tulimtoa Kajiado. Alikuja na ndege?"

Furaha yangu iliisha palepale. Kama si Baba, ningemrudishia Kukhu ukoo wa watu wengine kabisa, na kwa Kukhu hilo lilikuwa baya kuliko kurudi mikono mitupu. Tukapanda hadi makumbusho, na mlinzi, baada ya kuchungulia ndani ya ndoo na kurudi nyuma haraka, akatuonyesha ofisi ya wadudu.

Tulimkuta dada mmoja kijana aliyevaa koti jeupe. Nilitarajia apige kelele. Alimwinua Nyapara kwa kibanio kirefu na uso ukamng'aa.

"Aki wewe, huyu ni mrembo! Nani alikuambia ni wa West? Kuja uone."

Alinipa kioo cha kukuzia. Gando nililodhani ni jeusi lilikuwa jekundu kama damu ya mzee, lenye vinundu, na juu yake vinyweleo vyembamba sana. Alivihesabu kwa ncha ya sindano, akafungua kitabu, akavihesabu tena. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nilijua kwamba nyumbani maji yalikuwa yakingoja moto.

"Pandinus cavimanus," akasema hatimaye. "Ni wa huku huku kwetu, Kenya na Tanzania."

"Ukoo ni upi hapo?" nikauliza.

Alicheka kidogo, kisha akaona sichezi. "Ukoo ni Pandinus. Hiyo ingine ni jina yake."

Halafu akamgeuza, akaangalia tumbo. "Na mbona mnamwita Nyapara? Huyu ni mama. Ako na ball, anakaribia kuzaa."

Baba alicheka mpaka akaketi. Mimi machozi yalinitoka. Nilimweleza dada yule kila kitu: Kukhu, Mama, watoto wanaokula mgongo. Hakunicheka. Alisema watoto wa nge hupanda mgongoni kwa mama kwa kuwa ni wadogo na laini, wakibadilisha ngozi wanashuka wakaenda zao. Mama akifa kwa njaa au uzee na watu wakamkuta nao juu, wanadhani ameliwa nao.

"Ila msimsumbue," akaongeza. "Akishtuka, yeye ndiye anaweza kula watoto."

Jioni ile Kukhu alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde. Nilisimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu anayeposa.

"Kukhu, ni wa ukoo wa Pandinus. Kwao ni nchi kavu, wanaishi kwa mashimo. Hawali mama yao. Wanabebwa mgongoni tu, hata sisi tunabebwa mgongoni."

Aliendelea kuchambua. Majani mengi yalipita mikononi mwake.

"Nani amesema?"

"Mwenye anawajua mmoja mmoja. Amemwangalia na kioo."

"Sawa. Akae. Lakini nitamwangalia mwenyewe."

Akamwangalia kweli. Nyapara alipozaa, watoto weupe kama punje za wali walimfunika mgongo mzima, na Kukhu alisogeza kiti chake hadi kando ya ndoo. Alimkataza hata kasisi aliyekuja kumwombea Mama asichungulie, eti mama hasumbuliwi.

Kisha ikafika siku Mama aliposhikwa na uchungu. Baba alimpeleka hospitali asubuhi, tukabaki sisi wawili, na siku hiyohiyo Nyapara alilala juu ya magando yake, bapa, hatikisiki. Nilimletea mende, hakumgusa. Kukhu alinishika mkono na hakuuachia. Hatukupika. Ningeweza kumlaani dada wa makumbusho siku ile.

Alasiri mtoto mmoja, si mweupe tena, aliteremka mguuni na kusimama kwenye mchanga. Akafuata wa pili. Mgongo wa mama yao ukaanza kuonekana, mweusi, mzima, bila kidonda, na Nyapara akainua gando moja kama mtu anayejinyosha baada ya kazi. Bado tulikuwa tumeinama pale simu ilipolia. Ni msichana, Baba alisema, na Mama yuko salama, anaulizia chai.

Kukhu aliruka. Mzee yule aliyelalamikia magoti kila siku aliruka na kupiga vigelegele hadi ploti yote ikatoka tena, safari hii bila miswaki. "Omupandina!" alimwita nge, akimpa heshima anayopewa mke aliyezaa salama, ya kuitwa kwa ukoo wa kwao. "Omupandina, asante! Mama Nafula, asante!" Nilipiga kelele naye hadi sauti ikakauka. Sijawahi kushinda vile tena, na nimeshinda mambo kadhaa.

Wiki chache baadaye Baba alimwomba dereva wa lori amrudishe Nyapara na wanawe Kajiado. Nililia, lakini kwa kiasi.

Nilikuwa mtu mzima Baba aliponiambia kwamba dada yake, binti wa pekee wa Kukhu, alifia uzazini kabla sijazaliwa. Hapo nikaelewa kwamba yule bibi hakuwa akimwogopa mdudu. Angeweza kumwaga maji yale siku ya kwanza, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimuuliza mtoto swali, akampa muda hadi Jumapili. Nasikia wataalamu sasa wamemhamishia nge huyo ukoo mwingine, na nashukuru kwamba Kukhu hakuishi kulisikia hilo, maana angetaka kujua ni nani aliyelipa mahari. Ila swali lake nilimjibu. Alikuwa na hofu kubwa kuliko yangu, na jibu la mtoto wa miaka kumi lilimtosha kuvumilia.