Kwa Nini Bakelvo Walirudi Nyuma

Enzi zetu, hata mkicheka, kila mtoto wa avenue yetu alikuwa jenerali. Hatukuwa na bunduki wala kofia. Tulikuwa na Jumapili alasiri, sebule ya Mama Trésor, na ile série, tamthilia ya vita vya angani iliyotunyima usingizi. Ninyi mliokulia Lubumbashi wakati televisheni ya rangi ilikuwa kwa watu wachache mnajua ninachosema. Tulinawa miguu bombani kwanza, maana Mama Trésor alikuwa akiisugua simenti yake kwa nta nyekundu mpaka inang'aa, na mwenye vumbi alibaki mlangoni. Mle ndani mlinukia nta, mikate ya kukaanga na jasho la watoto. "Hapana makelele mu nyumba yangu," alikuwa akituambia, "ao nazima!" Basi tulinyamaza, hata kukohoa tuliogopa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mji wa mwisho wa binadamu, umejengwa juu ya mwamba unaoelea angani. Na kulikuwa na maadui, Bakelvo, wenye vichwa vya bluu na meli nyingi kuliko kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Kila kipindi waliuzingira ule mji. Kila kipindi ulibaki mpigo mmoja tu wa mzinga mji uanguke. Na kila kipindi, Mungu wangu, Bakelvo waligeuza meli zao wakaondoka! Kwa nini? Hilo ndilo lililotutesa wiki nzima, shuleni, kwenye foleni ya maji, hata tukitwanga sombe, majani yetu ya muhogo.

Trésor, mtoto wa nyumba ile, alikuwa na jibu lake na alilitangaza kama waziri: "Banarudia juu mazout inaisha." Yaani wanarudi kwa sababu mafuta ya meli yanawaishia. Wavulana wote walimuunga mkono, maana televisheni ilikuwa ya mama yake. Mimi nikasema hapana. Mimi nilikuwa bingwa wa nzango, ule mchezo wetu wa wasichana: mnasimama wawili mkitazamana, mnapiga makofi, mnaruka, kila mmoja anatoa mguu, na anayekosea kukisia mguu wa mwenzake amepoteza. Nzango haichezwi kwa miguu tu, jamani. Unampa mwenzako mguu wa kulia, tena wa kulia, tena wa kulia, mpaka azoee. Akishazoea, unatoa wa kushoto. Nikawaambia: Bakelvo wanawazoesha. Siku watu wa mji watakapoamini kwamba adui huondoka kila mara, watafungua malango wenyewe, na hapo wamekwisha.

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mkate. "Weye Nelly," Trésor akasema, "vita iko nzango? Vita iko mambo ya banaume!" Hasira iliyonipanda siku ile, hadi leo haijapoa. Nikamwambia tungoje kipindi cha mwisho. Nikikosa, sitafungua mdomo tena juu ya vita katika sebule yao. Nikishinda, atasimama katikati ya barabara, wasichana wote wakisikia, na aseme kwamba Nelly alisema kweli. Tukapeana mikono.

Jumapili ya mwisho nilitoroka vyombo. Mama alinipigia kelele nyuma, "Leo utakula televizyo!" Sikugeuka. Bakelvo wakauzingira mji, wakageuza meli zao. Watu wa mji wakaanza kuimba, kapteni wao akanyoosha mkono kwenye chuma cha kufungulia malango, na pa! Courant, yaani umeme, ikakatika. Mnaijua ile sauti ya mtaa mzima ukiguna pamoja. Tuliketi tukitazama kioo cheusi mpaka mikate ikaisha. Jumapili iliyofuata walituonyesha kwaya, na ile série haikurudi tena.

"Basi nilishinda," Trésor akasema.

"Ulishinda nini?"

"Hapa iko kwetu."

Eti hiyo ndiyo sababu! Nilikataa, na nimekataa maisha yangu yote. Nilikataa tukiwa sekondari, nilikataa kwenye harusi yake, na hata sasa tuna mvi, yeye na ofisi yake ya shaba, mimi na biashara yangu ya mpakani Mokambo, tukikutana lazima aniulize kama bado napigana vita kwa nzango. Anauliza mbele za watu, na watu wanacheka.

Juzi tulikuwa kwake Makomeno, tunakula bukari, ugali wetu, na samaki. Mpwa wangu Glody, kijana asiyeinua uso kwenye simu hata akitafuna, akasema série yote imo mle. "Tantine, kule bantu balishaeleza yote. Bale benye baliandika série balikosa tu akili. Bakelvo banarudia juu kipindi iendelee." Loo! Watoto wa leo wanapewa jibu kabla swali halijawasumbua, tena jibu lisilo na chumvi. Nikamwambia: "Sisi tulipigana ile vita, Glody. Weye unasoma tu. Weka kipindi ya mwisho."

Trésor akavaa miwani. Tukabanana watatu mbele ya kioo cha simu. Bakelvo wakageuza meli. Watu wakaimba. Kapteni akavuta kile chuma, malango yakafunguka, watoto wa mji wakatoka mbio kucheza nje. Muziki. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Basi, imekwisha. Hakuna mazout, hakuna nzango, hakuna maelezo yoyote.

"Munaona?" Glody akacheka. "Bote mulikosa."

Moyo uliniuma, sifichi. Lakini Trésor hakucheka. Alimnyang'anya kijana simu, akairudisha picha nyuma, akayakodolea macho yale malango yaliyo wazi, na wale watoto, na anga tupu.

"Bafunge mulango," akasema polepole. Kisha akapiga meza. "Bafunge mulango, bale bajinga! Habaone?"

"Nani anakuya, Trésor?" nikamwuliza.

"Bakelvo," akasema.

Nikamshika mkono, nikamtoa nje hadi katikati ya barabara, kama tulivyopeana mikono zamani. Enzi zetu, saa ile barabara ingejaa wasichana na makofi, vumbi mpaka magotini. Sasa walikuwepo wawili tu, wamekaa ukutani, kila mmoja na simu yake. Wakainua vichwa.

"Sema," nikamwambia.

Akasema. Nikamwambia aseme tena, kwa sauti.