Nilivyokwama Kwenye Ngome ya Kuku ya Mama Mkwe

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, simsingizii rafiki, simsingizii Mjerumani. Mimi mwenyewe, kwa akili zangu na tamaa zangu, nilitanguliza kichwa mahali ambapo mtu mwenye adabu haingizi hata mkono. Nisikilizeni kwanza, kucheka mtacheka baadaye.

Kwetu ni Ihanja, ila naishi Utemini hapa mjini Singida, nauza mafuta ya alizeti. Nilikuwa na mchumba. Nitamwita Neema, jina lake la kweli naliacha maana nimeshamwaibisha vya kutosha. Ng'ombe wa mahari walishapelekwa, kanisani tulishatangazwa, suti ilikuwa kwa fundi. Nilimpenda yule dada jamani! Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniua.

Sasa, nyumbani kwa mama yake Neema, kando ya ziwa, kuna gofu la vita. Wazee wanasema lilijengwa enzi za vita ya Mjerumani na Mwingereza, eti kulinda ufukwe meli za adui zisitie nanga. Meli! Ziwa lenyewe la chumvi, halina njia ya kuingia wala kutokea, bahari iko huko mbali kabisa. Hiyo meli ingepita wapi, Manyoni? Lakini inasemekana askari walikaa humo na bunduki yao, macho majini, wakisubiri. Waliishia kuwaona ndege heroe tu.

Kimebaki chumba kimoja cha zege chenye kuta nene ajabu. Upande wa ziwa kuna tundu refu, jembamba, la kutolea mtutu. Upande wa pili mama mkwe aliweka mlango wa bati na kufuli, maana humo ndimo anamolaza kuku wake wa kienyeji. Yule mama ni mjane. Fisi haingii mle, kicheche haingii, mwizi haingii. Kuku hao ndio waliomsomesha Neema.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mikono, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Mkiwa na neno, analibeba mtu wa katikati. Tangu posa ikubaliwe sikuwahi kumtazama yule mama usoni. Salamu nilikuwa naitoa nimechuchumaa mbali, naye anaitikia akiangalia kwingine. Ndiyo heshima yenyewe.

Siku tulipopeleka ng'ombe, rafiki yangu Shabani aliona alama ya mshale ukutani mwa lile gofu. Akanivuta pembeni.

"Oya, hapo kuna mali ya Mjerumani. Wale watu hawakuwa wanachora mshale bure!"

Ugonjwa huu mnaujua. Penye zege la Mjerumani hapakosi mtu na sururu. Nilimcheka Shabani, lakini wiki nzima nikawa nawapimia watu mafuta huku nawaza sanduku la dhahabu. Neema sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nataka kumshangaza. Uongo mtupu! Nilikuwa naogopa kugawana na ukoo wake.

Basi Jumapili moja, wenyewe wakiwa ibadani, tukaenda kwa pikipiki ya Shabani. Shabani alikuwa ameazima mashine ya kupimia madini kwa mchimbaji mmoja. Tulipoisogeza ukutani ikalia piiii! Tukakumbatiana kama tumeshauza.

Ila ufunguo alikuwa nao mama mkwe, na yule mama siwezi kumwomba hata maji. Ikabaki njia ya lile tundu. Shabani ana kitambi. Mwembamba ni mimi.

Nikatanguliza mashine, nikatia kichwa, mabega yakapita, kifua kikapita. Nilipofika kwenye nyonga, nikagoma. Mbele siendi, nyuma sirudi! Shabani akavuta miguu mpaka viatu vikanivuka, vikabaki mikononi mwake. Halafu nikamsikia akisema, "Kaka, kuna mtu anakuja," na pikipiki ikawaka. Akatokomea, na viatu vyangu.

Kichwa na mikono vimening'inia ndani kwa kuku. Makalio na miguu viko nje, vinatazama ziwa. Mtetea mmoja akaja kunidonoa sikio kama anaonja. Nikaomba dua zote ninazozijua.

Aliyekuja ni mama mkwe. Alikuwa amewahi kutoka kanisani aje kuwanywesha kuku maji.

"Mwizi! Mwizi wa kuku!"

Fimbo ikatua makalioni paa! Ya pili ikatua. Ikabidi niseme tu. "Shikamoo, mama."

Fimbo nikaisikia inaanguka chini, na nyayo zinakimbilia kwenye alizeti. Amemchapa mkwe wake matakoni! Baada ya muda khanga ikarushwa juu yangu, nadhani alirusha akiwa amegeuka, maana mara ya kwanza ilikosea. Alikuwa amevua khanga yake ya ibada kunisitiri.

Kisha mlango wa bati ukafunguliwa. Hakuingia, hawezi kuingia. Na mtu wa katikati hakuwepo. Akasimama nje na kusema na kuku.

"Kuku, hebu muulizeni mgeni kama ameumia."

Nikajibu, "Kuku, mwambieni mama sijaumia sana."

"Muulizeni, amefuata nini humo?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kuwa mtu. Ningesema ukweli, tungecheka siku moja. Nikasema, "Kuku, mwambieni mama nilikuja kukagua nyufa. Nilitaka nimtengenezee banda kabla ya harusi, bila yeye kujua."

Nikamsikia analia. "Kuku wangu, mnasikia? Mungu amenipa mtoto wa kiume."

Baba mdogo wa Neema akaitwa, akaja na nyundo ya kupasulia mawe. Akapiga pembeni ya tundu, ukuta ukapasuka, nusu ya paa ikashuka nao. Kuku wakatoka mbio, mimi nikatoka na vumbi. Gofu lililosubiri meli vita nzima bila kuguswa, likaangushwa na makalio yangu! Na kilichochungulia kwenye zege ni nondo. Mashine ilikuwa inalilia nondo!

Wiki ile kicheche alikula kuku kama yuko harusini. Mama wa watu hakulalamika. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akashuhudia habari za mkwe aliyehatarisha uhai wake kwa ajili ya mjane. Watu wakapiga makofi. Neema akanitazama kwa macho ambayo sitayaona tena. Nami nikainamisha kichwa kinyenyekevu, mshenzi mkubwa!

Siku chache baadaye mwenye mashine akambana Shabani. Shabani, bila aibu, akaenda moja kwa moja kwa akina Neema. "Shikamoo mama. Nimefuata mashine yetu ya kutafutia mali ya Mjerumani." Waliifukua kwenye kifusi, Neema akiwa amesimama pale pale.

Alinipigia simu. Hakufoka. Alisema, "Mama alivua khanga yake akakufunika. Wewe ukamdanganya yeye, ukawadanganya mpaka kuku." Akakata. Ng'ombe wakarudishwa Ihanja, na baba yangu hajaniuliza kitu mpaka leo.

Nikanunua tofali na bati, nikawa naenda kila Jumamosi kumjengea yule mama banda la kweli. Sikutumwa. Nilijipa moyo kwamba nikimaliza, Neema atalegea. Mama alikuwa akibaki mbali shambani, nami nikawa naona hiyo ni dalili njema.

Siku nilipopigilia bati la mwisho, nikamwona anakuja. Haraka nikachuchumaa, nikaangalia chini, nikasubiri akate kona. Hakukata. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni, akanyoosha mkono.

"Hujambo, kijana? Ahsante kwa banda."

Nikaupokea ule mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto kwa jua. Hakuna mama wa kwetu anayempa mkono mkwe wake. Nililia pale pale, mbele ya kuku.

Ninyi mnaochimba magofu, chimbeni mtakavyo, ila mwenzako akikuuliza unatafuta nini, mwambie. Na wewe ambaye mama mkwe wako akikuona bado anakimbilia kwenye alizeti, mshukuru Mungu. Wangu ananisalimia vizuri tu.