Majirani Waliposema Hasikii Tangu Ananyonya

Mjukuu wangu aliondoka hapa Garsen na masikio mawili mazima, akarudi na kelele. Mwenyewe husema kichwani mwake kuna mashine ya kusaga mahindi na hakuna mtu wa kuizima. Gari lao la jeshi lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, ng'ambo ya mpaka. Wenzake wengine hawakurudi. Yeye amerudi na mikono yake na miguu yake, kwa hiyo watu wakimtazama wanadhani ni mzima. Ukitaka kuongea naye, kaa mbele ya uso wake, useme polepole kama unayemlisha mtoto uji.

Nimemlea mimi. Binti yangu, mama yake, alifariki kijana huyu bado anatambaa. Kwa hiyo jambo lake ni langu, na asije mtu akaniuliza kwa nini mimi wa darasa la pili nilijitia katika mambo ya serikali.

Jeshi lilipomruhusu arudi nyumbani, aliomba malipo ya ulemavu. Ana mke na watoto, na kazi ya mtu asiyesikia hapa kwetu ni ipi? Hata bodaboda hawezi, atagongwa na lori. Wakamwambia sawa, lakini ithibitike kwanza kwamba masikio yaliharibikia kazini, hakwenda nayo mabovu. Daktari wao alimpima siku ya kuandikishwa, ila faili yenye vipimo hivyo ilikuwa haionekani. Wakasema watatuma mtu aje kuulizia nyumbani.

Mtu akaja. Mimi nilikuwa shambani nafukuza ndege kwenye mpunga, mjukuu amekwenda hospitali ya Ngao. Afisa akapewa kiti kwa jirani yangu, akatoa kalamu, akauliza, "Huyu kijana zamani masikio yake yalikuwaje?"

Sasa lazima nieleze kitu juu yetu sisi watu wa mto. Maji yakija yanabeba mahindi, kuku, na nyumba. Yakishuka, wanakuja watu wa kuandikisha msaada. Ukiwaambia umepoteza kidogo, hupati kitu. Basi tumezoea. Mwenye kalamu akikuuliza, mpe mabaya yote, na uyarudishe nyuma kadiri unavyoweza. Aliyelowesha gunia moja anasema ghala. Mwenye mgonjwa anasema ni mgonjwa tangu kuzaliwa. Hatuoni kuwa ni uongo, tunaona ndivyo mtu anavyozungumza na kalamu.

Jirani yangu akashika mashavu. "Uuu, maskini wa Mungu! Yule? Yule hasikii tangu ananyonya!"

Wa pili hakutaka kupitwa. "Hata radi ikipiga, yeye amelala tu."

Wa tatu akasema mama yake naye alikuwa kiziwi. Binti yangu! Aliyekuwa akisikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu!

Niliporudi na jembe langu begani walinipokea kama bibi harusi. "Bibi, tumekusaidia! Tumemwambia yote!"

"Yote yapi?"

Wakaniambia. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu.

Majibu yakaja kama nilivyoogopa. Madai yamesimamishwa, maana majirani wameshuhudia kijana alikuwa kiziwi tangu utotoni. Tena kama ni hivyo, basi aliwadanganya siku ya kuandikishwa. Mjukuu alinisomea barua, kisha akaikunja mara nne.

"Nyanya, pesa ni jambo moja," akasema. "Lakini hawa wanasema niliingia jeshini kwa uongo. Nimewazika wenzangu kule. Nitakuwa nimewazika kwa uongo?"

Nilikwenda kwa jirani.

"Wewe mwanamke, umemuua mwanangu kwa mdomo."

"Mimi? Mimi niliyemlilia mbele ya serikali mpaka kamasi zikanitoka?"

"Ndiyo. Na kamasi zako zimeandikwa." Nikamweleza polepole. Hawalipi mtu alichozaliwa nacho, wanalipa kile kazi ilichomharibia. Walitaka kusikia kwamba alikuwa mzima.

Alishika kichwa. "Mzima? Walitaka uzima?"

"Uzima."

"Mungu wangu. Nani aliwahi kuja hapa akauliza uzima?"

Hasira ikaniisha, maana alisema kweli.

Nilikwenda kwa chifu, naye akaahidi kumwomba afisa arudi. Nikamwambia nitamletea shangazi, wajomba na mwalimu wa kwaya. Akatikisa kichwa. "Ndugu na marafiki watasema lolote, bibi. Niletee mtu asiyekupenda."

Huyo nilikuwa naye. Ng'ambo ya mto kuna mzee mmoja wa Kiorma ambaye ng'ombe wake waliwahi kunimalizia shamba zima la mahindi, akasema mahindi yenyewe yalikuwa mabaya. Tangu hapo tunasalimiana kwa meno. Lakini kabla ya jeshi, mjukuu wangu ndiye aliyekuwa na mtumbwi wetu wa kuvusha watu. Ukiwa ng'ambo unamwita, na kila mtu alikuwa na mwito wake. Huyu anapiga kelele, yule anagonga mkebe. Mzee huyu kifua chake hakina nguvu ya kelele, alikuwa anapiga mluzi.

Nikavuka. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake anasugua meno kwa mswaki.

"Karibu, mama mahindi. Umekuja kudai tena?"

"Leo nimeyasamehe. Wanasema mjukuu wangu ni kiziwi tangu utoto."

"Yule mvushaji? Mjinga gani kasema hivyo?"

"Watu wetu wenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nyinyi wakulima mkiachiwa mdomo mtajizika wenyewe." Kisha akaacha kucheka. "Ni lini? Nitakuja."

Siku ya baraza, ofisini kwa chifu, jirani yangu alisimama wa kwanza. Nampa haki yake, alisimama bila kusukumwa. "Bwana, niliongopa. Nilidhani ni mambo ya mafuriko." Afisa alimwangalia, akaweka kalamu chini, akajifuta uso. Akasema kwao ni nchi ya ukame na chakula cha msaada, na mama yake angesema vivyo hivyo.

Mzee akafuata. "Mto ulikuwa umejaa, unanguruma. Nilikuwa na ndama wa kuvusha. Nikapiga mluzi, kijana akatokea nyuma ya nyumba yao na kafi mkononi. Tukawafunga ndama kamba, wakaogelea kando ya mtumbwi. Katikati ya maji akaniambia, 'Mzee, huyo wa nyuma anakoroma, amemeza maji.' Mimi mwenye ndama sikuwa nimesikia. Kesho yake nilimletea maziwa ya ahsante, nikaambiwa ameondoka kwenda jeshini. Maziwa nikamwachia huyu mama, na hakunishukuru."

Watu wakacheka. Ni kweli, sikumshukuru.

"Huo mluzi," afisa akasema, "unaweza kuupiga?"

Mzee akalamba midomo, akapiga. Ulikuwa mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Vichwa vyote vikageuka, hata mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwa mtu akafumbua macho. Mjukuu wangu alikuwa ameegemea ukuta, anatazama nje dirishani. Hakugeuka.

Afisa akachukua kalamu, akaandika kwa muda. Mzee alikuwa anamtazama kijana, na midomo bado ameikunja.

Baadaye walimwita mjukuu mjini, madaktari wakampima upya. Akarudi, tukangoja. Mimi ndiye niliyetembea na simu, maana kwake yeye haina faida. Nilikwenda nayo shambani, chooni, na kanisani ikalia katikati ya maombi, kumbe ni mtu anayeuza samaki.

Ilipolia ile tuliyoingoja nilikuwa napepeta mchele. Sauti ya mwanamke, ya adabu, akaniuliza mimi ni nani wake. Akasema madai yamekubaliwa. Imeandikwa kwamba alikuwa mzima alipoingia, na aliumia akiwa kazini.

"Rudia hapo pa mzima," nikamwambia. Akarudia.

Mjukuu alikuwa mbali, mwisho wa shamba, amenipa mgongo anakata nyasi. Nikamwita. Ujinga gani huo, namwita mtu asiyesikia! Nikavua kandambili, nikaikunja leso yangu kiunoni, nikakimbia katika mpunga na magoti yangu haya. Nilimshika bega akaruka, panga likaanguka. Nilikuwa nimeishiwa pumzi. Nikauweka uso wangu mbele ya wake, nikasema kwa midomo tu, polepole:

"U-li-ku-wa m-zi-ma."

Akaniangalia midomo. "Wamesema?"

"Wamesema."

Akakaa chini kwenye maji na suruali yake, nami nikakaa naye.