Mpishi wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Eddah Mutheu alizaliwa Kitui, akaishia darasa la nane, na kwa ubishi sijaona aliyemshinda. Alianzia Riyadh, miaka mitatu kwa madam aliyemfungia simu kabatini, kisha akaja Jeddah, ambako huu ni mwaka wake wa sita akipikia nyumba moja. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, huja mtaa wa Bani Malik kwenye chumba ninachokaa na madereva wenzangu. Huvua abaya, huketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akafundisha katekisimu kwa sauti ya chini, maana huku ibada ya Kikristo ni marufuku. Wanafunzi ni watatu, Paul, Danson na Beverly, wote wa parokia moja kule kwetu. Mimi, Morgan, kazi yangu ni chai. Nilishamwambia mambo ya mapadre niliyaacha Kenya, akanijibu kwamba na chai yangu ningeiacha hukohuko.

Watatu hao walitaka jambo moja tu: wakienda likizo ya Pasaka, wabatizwe nyumbani. Paroko wao alikataa. Alisema hawezi kuyatambua mafundisho ya mtu asiye na cheti, hata yawe ya miaka miwili. Eddah hakulia. Alijiandikisha kozi ya makatekista kwa mtandao, inayoendeshwa na jimbo kuu moja la Marekani.

Pamoja na masomo walimtumia kitabu cha historia ya maaskofu wakuu wa jimbo hilo, saba tangu wa kwanza. Nilimcheka sana. Mkamba anayekata vitunguu Jeddah, wazee hao wa Kizungu wanamhusu nini? Yeye aliwakariri huku akikoroga supu ya madam: nani alijenga kanisa kuu, nani alifungua shule, nani aligombana na mapadre wake mwenyewe.

Siku ya mtihani tuliegemeza simu kwenye mkebe wa maziwa. Aliyemtahini ni Padre Lewis, Mmarekani aliyewahi kuhudumu Musoma, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Eddah aliwataja wote saba bila kukwama, na makosa yao juu. Padre akacheka, akamwambia amefaulu.

"Sasa umebaki muhuri wa parokia yako tu, pale chini ya fomu tuliyokutumia."

"Huku hatuna parokia, Fatha. Hilo unalijua."

"Ninalijua, mama. Lakini ofisi haitoi cheti bila muhuri. Pole sana."

Danson aliinamisha kichwa. Pole ile naifahamu, ni ya ofisi zote duniani, na ukishaipokea umekwisha. Eddah hakuipokea.

"Nikitaka ikama ya kuishi huku, lazima kafili anidhamini. Nikitaka kusafiri, kafili. Kumbe hata kwa Mungu nahitaji kafili?"

"Si mimi, mama. Ni utaratibu."

"Halas, yatosha. Fungua kitabu chenu, ukurasa wa kumi na mbili." Chake hakukigusa. "Askofu mkuu wenu wa kwanza alipofika hakukuta kanisa. Alikuta vibarua wakisali kwenye ghala la chumvi, na mpishi mmoja, mama Brigita, aliyekuwa amewafundisha miaka minne. Askofu aliwabatiza wiki ileile. Huyo mpishi, nani alimgongea muhuri?"

Tulisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili. Padre alisoma.

"Hakuna," alisema. "Basi acha pale wazi. Nitaipeleka fomu kwa wakubwa mimi mwenyewe."

"Ipeleke. Lakini wazi siachi. Wakiona pako wazi watasema hatupo."

Akachukua kalamu, akaandika penye muhuri majina ya wanafunzi wake, moja chini ya jingine, akitamka kila jina ili Padre asikie. Tangu nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza asinong'one ndani ya chumba kile.

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, nikiona hasira kwa ajili yake na aibu kwa ajili yangu. Nikamwambia chini ya jina la Beverly pana nafasi bado, aandike Morgan.